Muulize Mwalimu: "Mume Wangu Anasema Ni Maumbile"

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi kuliko kurasa nilizopewa, na karibu zote zimechokozwa na makala yangu iliyopita kuhusu mageuko ya viumbe. Wengine mnaita evolusheni. Sina ugomvi na jina. Tatu kati yake zinauliza kama namwamini Mungu. Hilo ni langu na Yeye. Zilizobaki nimechagua hizi, na naanza na ile inayonidai.

Swali: Mwalimu, uliandika kwamba binadamu ametokana na sokwe. Kama ndivyo, hawa sokwe waliobaki wanangoja nini?

Jibu: Umenikamata. Niliandika hivyo kwa haraka, mimi ambaye kwa miaka 31 darasani nilikuwa nikiwakata wanafunzi maksi kwa sentensi hiyohiyo. Sokwe si babu yetu, ni binamu yetu. Sisi na yeye tuna mhenga mmoja aliyeishi yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na mhenga huyo hakuwa sokwe wala mtu. Ukoo ukagawanyika: upande mmoja ukaja kuwa sokwe na bonobo, yule nduguye wa karibu, upande wa pili ukatufikisha sisi. Sokwe hangoji kitu. Miaka yote hiyo naye alikuwa akibadilika kwa njia yake. Deni limelipwa, tuendelee.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimeolewa miaka 11. Mume wangu nimemfumania mara mbili. Safari hii hata msamaha hakuomba. Alinifungulia video kwenye simu, kuna mtu anaeleza kwamba dume kwa maumbile hutawanya mbegu na jike huchagua, kwa hiyo mwanamume kuwa na mmoja ni kupingana na sayansi. Nilikosa la kujibu. Kweli sayansi inasema hivyo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimeshainuka kwenye kiti.

Nianze na punje ya ukweli iliyomo kwenye hiyo video, maana mwongo hodari haanzi na uongo. Mwaka 1972 mwanabaiolojia Mmarekani Robert Trivers alitoa hoja ambayo ndiyo mzizi wa maneno aliyoyasikia mumeo. Kati ya jinsia mbili, alisema, ile inayotoa zaidi kwa kila mtoto, yaani mwili wake, muda wake na hatari anayobeba, ndiyo itakayochagua mwenzi kwa makini. Inayotoa kidogo itagombania nafasi. Kwa mamalia, jike ndiye anayebeba mimba na kunyonyesha. Dume anaweza kumaliza kazi yake kwa dakika chache akaenda zake, na wengi huenda zao kweli.

Lakini isikilize hoja yenyewe ilivyo. Haisemi "dume". Inasema "anayetoa kidogo". Kwa farasi-bahari, dume ndiye anayebeba mimba, na kwa baadhi ya samaki wa jamii yake majike ndio wanaogombania madume. Kwa hiyo cha kumuuliza bwana wa video ni kimoja tu: mwanamume wa binadamu ni dume wa namna gani?

Mwili wake unajibu. Gorila dume, anayetawala kundi la majike kwa ubabe, ana uzito wa karibu mara mbili ya jike. Mwanamume anamzidi mwanamke kwa asilimia 15 hivi. Huo si mwili wa kupigania majike kumi. Kisha mtazame mtoto wetu. Anazaliwa na ubongo usiofika theluthi ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, shingo yake haimudu, na ana miaka mingi mbele yake ya kulishwa na kufundishwa. Mzigo huo kwa mama peke yake ni mzito mno. Baba anayehangaika na watoto ni kitu adimu kwa mamalia, na sisi tumo katika hao wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wanaume 624 wa Cebu, Ufilipino, tangu wakiwa na miaka 21 hivi. Waliokuwa na homoni ya testosteroni nyingi ndio waliokuwa wepesi zaidi kupata wenzi na watoto. Walipopata watoto, testosteroni yao ikaporomoka, na walioshinda na watoto saa tatu au zaidi kwa siku walikuwa na kiwango cha chini kuliko wale wasiowagusa. Mwili wa mwanamume unajua kubadili kazi anapopata mtoto. Hiyo nayo ni sayansi, ila nadhani haikumfikia kwenye simu.

Je, ina maana mwanamume kwa maumbile ni mwaminifu? Hapana, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Tamaa ya nje ipo, kwa wanaume na kwa wanawake pia, na ina historia ndefu katika uteuzi asilia, yaani ile njia ambayo sifa zinazomsaidia kiumbe kuacha wazao huenea. Lakini na wivu upo. Na hasira ipo, hii iliyokufanya ukandamize kalamu hadi karatasi ikatoboka kwenye neno "mbili". Nayo ina historia ndefu vilevile. Akikuambia tamaa yake ni maumbile, mwambie kilichokupanda kichwani nacho ni maumbile, tena hayajaandika popote kwamba la kwake litangulie la kwako. Hivi kipindupindu si maumbile? Mbona tunachemsha maji?

Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliliona hili karne ya 18, kabla hajazaliwa Charles Darwin, baba wa nadharia ya mageuko: kutoka "ndivyo ilivyo" huwezi kuruka moja kwa moja ukatua kwenye "ndivyo inavyopasa". Baiolojia inaweza kueleza tamaa ya mumeo ilitoka wapi. Ruhusa alijipa mwenyewe.

Kukaa au kuondoka siwezi kukuamulia kwa safu ya gazeti. La kupima afya naweza: nenda wiki hii, na yeye aende.

Swali: Mwalimu, nina wavulana wawili, miaka 6 na miaka 4. Nimewanunulia vikombe viwili vya bluu, vinafanana hadi mikwaruzo. Bado wanagombania kimoja. Wanakijua wao, mimi sikijui. Nakosea wapi? – Baba aliyechoka

Jibu: Pole, baba. Hukosei popote, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Mwaka 1964 Mwingereza William Hamilton alieleza ni vipi jeni inayomfanya mtu amsaidie mwenzake inaweza kuenea: itaenea ikiwa anayesaidiwa ana uwezekano mzuri wa kuibeba jeni hiyohiyo. Ndiyo maana ndugu hutangulia. Mzazi na mtoto wanachangia nusu ya jeni. Ndugu wa baba na mama mmoja nao, kwa wastani, nusu. Kwako wewe, basi, wavulana hao wako sawasawa, nusu kwa nusu, na unapogawa kimoja kwa kimoja unaona umetenda haki. Sasa jiweke mahali pa yule wa miaka 4. Kwa nafsi yake yeye ni mzima. Kaka yake ni nusu. Kwa mizani hiyo angeridhika kumwachia kaka yake kitu pale tu ambapo faida ya kaka ingezidi mara mbili hasara yake. Mgawo wako wa haki, kwake, ni kupunjwa. Trivers yuleyule wa barua iliyopita ndiye aliyeipigia hesabu hii mwaka 1974, akaonyesha kwamba mzazi na mtoto, hata wakipendana vipi, hawawezi kukubaliana kikamilifu nani apate kiasi gani.

Usinielewe vibaya. Mtoto hapigi hesabu hiyo, na jeni haina kichwa cha kupigia. Anachokuwa nacho mtoto ni kile unachokisikia ukumbini: "Changu!"

Na mvutano hauanzi kwenye vikombe. Mwaka 1993 mwanabaiolojia David Haig alionyesha kwamba unaanzia tumboni. Kondo la nyuma, ambalo ni kiungo cha mtoto zaidi ya kuwa cha mama, humwaga homoni kwenye damu ya mama zinazoidhoofisha insulini yake, homoni inayoshusha sukari ya damu, ili sukari ikae juu kidogo na mtoto achote zaidi. Mwili wa mama hujibu kwa kuongeza insulini. Mtoto anasukuma, mama anasukuma, na mara nyingi wanatoshana nguvu kimya kimya kwa miezi tisa. Mama akielemewa, ndipo daktari anamwambia ana kisukari cha ujauzito. Kuna aina ya papa ambaye jike lake lina matumbo mawili ya uzazi. Ndani ya kila tumbo, kichanga kinachotangulia kukua huwala ndugu zake wote, wakazaliwa wawili tu. Wako wanapigania kikombe. Shukuru.

Nikutahadharishe kidogo. Niliwahi kufundisha mapacha wa kufanana, wasichana, ambao kijeni ni kama mtu mmoja aliyechapwa nakala mbili. Kwa hesabu ya Hamilton hawakuwa na sababu ya kugombana hata siku moja. Waligombania hadubini kila Jumatano. Hesabu inaonyesha upepo unavumia wapi. Haielezi kila jani.

Jaribu hili: panapokuwa na kitu cha kugawa, mmoja agawe, mwenzake achague kwanza. Kwa vikombe halitasaidia.

Swali: Mwalimu, nina miaka 53 na hedhi ilikoma mwaka jana. Ulisema viumbe huishi ili kuzaa. Sasa sisi tuliomaliza tunangoja nini?

Jibu: Dada yangu, mimi nina 66, kwa hiyo tunangoja wote.

Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Majike wa mamalia wengi huzaa karibu hadi mwisho wa uhai wao. Kukoma uzazi halafu ukaishi miaka 20, 30 au zaidi ni jambo la wachache sana: sisi, orka, na aina chache nyingine za nyangumi wenye meno. Uteuzi asilia hufanya kazi kupitia wazao, sasa unaanzaje kumtunza asiyezaa tena?

Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes na wenzake, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikuwa wakiishi na Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachuma matunda, karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wakiandika nani anatafuta chakula gani na kwa saa ngapi. Kilichowashangaza ni wanawake wazee. Walitoka mapema na kurudi wamechoka, wakichimba mizizi minene iliyojichimbia kwenye ardhi kavu, kazi ambayo mtoto mdogo hana nguvu nayo. Watafiti wakawapima watoto uzito. Mama akiwa hana kichanga, uzito wa mtoto ulifuatana na bidii ya mama. Mama akijifungua mwingine, uzito wa yule aliyeachishwa ziwa ulifuata bidii ya bibi. Kwa maneno mengine, bibi ndiye aliyemwezesha binti yake kuzaa tena mapema bila mtoto mkubwa kudhoofika. Jeni za maisha marefu zikapita kupitia wajukuu. Mwaka 2004 watafiti wengine wakafungua madaftari ya kale ya makanisa ya Finland na Kanada, wakakuta kwamba kwa kila miaka kumi ambayo mwanamke aliishi baada ya 50, alipata kwa wastani wajukuu wawili zaidi.

Orka nao wanasimulia jambo linalokaribiana na hilo. Majike wao huacha kuzaa wakikaribia 40 na baadhi hufika 80. Samoni wakiadimika, mara nyingi ni hao vikongwe wanaotangulia mbele ya kundi. Wanakumbuka samaki walipatikana wapi mwaka ule mwingine wa njaa.

Ningependa kuishia hapo, maana hadithi hii inanipendelea. Lakini mwaka 2023 watafiti wa Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, walitangaza kwamba sokwe majike wa huko waliopita miaka 50 nao wamekoma uzazi na wanaendelea kuishi. Na bibi sokwe halei wajukuu wa binti yake, kwa sababu binti akikomaa huhamia kundi jingine. Kwa hiyo ubibi unaweza kueleza kwa nini miaka hiyo imeendelea kurefuka kwetu, lakini kukoma kwenyewe huenda kulikuwa na mzizi mwingine. Mimi naukubali ushahidi wa wajukuu, na wa Ngogo naukubali pia, na haviniumizi kichwa kukaa pamoja.

Joto la ghafla lililonianza mimi lilinikuta nikiandika ubaoni. Chaki ililowa mkononi ikakatika vipande viwili, wanafunzi wakadhani nimekasirika. Sikuwasahihisha.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi. Mtu mmoja hapa kwetu alisema darasani kwamba maumbile ni mwenye nguvu mpishe, kwa hiyo kuwasaidia wasiojiweza ni kupingana na maumbile na kunadhoofisha taifa. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Huyo mtu simjui na usinitajie. Maneno yake nayajua, yana umri mkubwa kuliko yeye.

Msemo wa kwamba husalia aliye bora zaidi haukutungwa na Charles Darwin. Aliutunga Herbert Spencer mwaka 1864, na Darwin akauazima katika toleo la mwaka 1869 la kitabu chake. Neno lililotumika halina maana ya mwenye misuli. Ni anayefaa, yaani anayepatana na mahali alipo kiasi cha kuacha wazao. Minyoo inafaa sana. Kuvu inafaa. Na kwa kiumbe anayeishi katika kundi, kusaidiana ni sehemu ya kufaa.

Chukua popo wanyonya damu wa Amerika ya Kati. Popo huyu akikosa damu siku mbili tatu mfululizo, anakufa. Kuna usiku anapata na usiku anakosa. Gerald Wilkinson aliwachunguza Costa Rica na mwaka 1984 akachapisha alichokiona: aliyeshiba hurudi kwenye pango la mti, akamtapikia damu mwenzake aliyerudi na njaa. Wala si ndugu tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kinachotabiri vizuri zaidi nani atampa nani ni nani aliwahi kumpa, kuliko udugu. Nipe nikupe, gizani, kwa viumbe wenye ubongo mdogo kuliko kidole changu.

Kwa jamaa zetu wenyewe kuna mifupa. Katika pango la Shanidar, Iraq, mwaka 1957 yalichimbuliwa mabaki ya mwanamume Mneanderthali, aina ya watu wa kale waliokwisha kutoweka, ambaye wanasayansi wanamwita Shanidar 1. Alipigwa vibaya upande wa uso, pengine jicho moja likapofuka. Mkono wa kulia umesinyaa na sehemu ya chini haipo. Mguuni ana dalili za kuchechemea. Majeraha hayo yalikuwa yamepona miaka mingi kabla hajafa, naye alifikia umri wa kama miaka 40 hivi, ambao kwa watu wake ni uzee. Mtu wa namna hiyo hajiwindii. Kuna waliokuwa wakimletea, makumi ya maelfu ya miaka kabla ya hospitali ya kwanza.

Sasa kuhusu taifa kudhoofika: wapo waliolijaribu hilo kwa vitendo, tena kwa sheria. Jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha mwaka 1907 sheria ya kuwafunga uzazi watu walioitwa wasiofaa. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaibariki sheria kama hiyo ya Virginia kwa kura 8 dhidi ya 1. Waliofungwa uzazi nchini humo walipita 60,000, wengi wao maskini tu. Ujerumani ya Wanazi ikatunga ya kwake mwaka 1933, ikawafunga wapatao 400,000, na haikuishia hapo. Wote walitumia maneno ya huyo mtu wako. Na hata kibaiolojia walikuwa wamepotoka: mwaka 1972 mtaalamu wa jenetiki Richard Lewontin alipima tofauti za kijeni za binadamu akakuta takriban asilimia 85 zimo ndani ya kila jamii, si kati ya jamii na jamii. Huwezi kulitakasa "taifa" kijeni. Utakachofanya ni kuwaumiza majirani.

Karatasi yako imechanwa kutoka daftarini, na nyuma kuna milinganyo ya kipeo cha pili. Ile ya tatu umesahau alama ya kutoa.

Swali: Bibi, mimi ni mhandisi, na safu yako inanichekesha. Mkimwona mtu mkali, mnasema ukali ulimsaidia babu yake. Mkimwona mpole, upole ulimsaidia. Hadithi ipo kwa kila kitu. Ni jambo gani, likitokea, mtakiri kwamba mmekosea?

Jibu: Mhandisi, karibu. Hujakosea shabaha. Mwaka 1979 Stephen Jay Gould na Lewontin niliyemtaja hapo juu waliwapiga wenzao rungu hilohilo: si kila kitu mwilini kina kazi, vingine ni matokeo tu ya jinsi vingine vilivyojengwa. Mfano ninaoupenda ni kidevu. Sokwe hana, Neanderthali hakuwa nacho, sisi tunacho, na hadithi za kazi yake ni nyingi kuliko watu waliozithibitisha.

Lakini dhana nyingine hupimika. Chukua karatasi. Una kadi nne mezani: A, D, 4, 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: kadi yenye irabu lazima iwe na namba shufwa nyuma yake. Ni kadi zipi lazima uzigeuze kujua kama kanuni imevunjwa? Hili ni fumbo la Peter Wason la mwaka 1966. Niliwapa wanafunzi 42. Waliopata walikuwa wanne. Wengi walisema A na 4. Jibu ni A na 7, fikiria mwenyewe kwa nini.

Nikafuta ubao, nikaandika kanuni nyingine: anayekunywa pombe lazima awe ametimiza miaka 18. Kadi nne: anakunywa pombe, anakunywa maji, ana miaka 25, ana miaka 16. Mikono ilipanda kabla sijamaliza kuandika. Mgeuze mwenye pombe na mwenye 16, basi! Kimantiki ni fumbo lilelile. Mwanasaikolojia Leda Cosmides alidai mwaka 1989 kwamba akili yetu si mashine ya mantiki ya jumla. Ina jicho maalumu la kumnasa anayekula faida bila kulipa gharama, kwa sababu nipe nikupe haiwezi kusimama bila jicho hilo. Kuonyesha kwamba si mazoea tu, alitumia kanuni za kubuni za watu wasiojulikana na wale aliowajaribu, na bado walimnasa laghai. Wapinzani wanamjibu kwamba kanuni ya ruhusa na kanuni ya maelezo hazilingani kimantiki, kwa hiyo alilinganisha vitu viwili tofauti. Ni hoja nzito, na mabishano yanaendelea. Ila angalau yanaendelea kwa kadi mezani.

Umeuliza ni nini kingetuangusha. Mwaka 1891 Mfini Edvard Westermarck alisema kwamba watoto wanaokuzwa pamoja tangu wadogo hupoteza mvuto wa kimapenzi wao kwa wao, hata wasipokuwa ndugu. Sigmund Freud alilikataa hilo: yeye aliamini mvuto wa ndani ya familia upo, ndiyo maana miiko ikawekwa. Basi hapo pana dhana mbili zinazotabiri mambo mawili yanayopingana. Ikaja kutokea kwamba katika vijiji vya kijamaa vya Israeli watoto wa familia mbalimbali walilelewa pamoja, wakilala nyumba moja ya watoto, na hakukuwa na mwiko wa kuwazuia kuoana. Joseph Shepher akakusanya taarifa za ndoa 2,769. Kati ya waliolelewa kundi moja mfululizo kwa miaka 6 ya mwanzo, hakukuta ndoa hata moja. Angezikuta kwa mamia, Westermarck angeanguka, na mimi ningekuwa nafundisha Freud.

Na usiniite bibi. Wajukuu wangu wanatosha.

Swali: Kwa nini malaika hunisimama mwilini nikisikia muziki mzuri, utadhani nimepigwa na baridi? – Mpiga kinanda

Jibu: Kila kinyweleo kina msuli mdogo sana kwenye shina lake. Paka akiona mbwa, misuli hiyo huvuta manyoya yakasimama naye akaonekana mkubwa. Sokwe dume hufanya vivyo hivyo anapotaka kutisha wenzake. Kwenye baridi, manyoya yaliyosimama hunasa hewa na kuhifadhi joto. Sisi manyoya yametuisha, msuli umebaki, unavuta kinyweleo kisichomtisha mtu. Neva zinazouamuru ni zilezile za taharuki, na muziki unazifikia: wimbo unapopanda ghafla, au sauti mpya inapoingia, mwili hushtuka kabla akili haijatambua kwamba ni kinanda tu. Mimi malaika hunisimama pale besi inapobaki peke yake. Paka wangu hutoka chumbani.